Miaka tisa na kampuni moja: nilivyoamua kubadili kompyuta mpakato

Bawaba ya kushoto iliachia Jumatano moja usiku, Septemba 2025, nikiwa nyumbani Kimara na kurasa kumi na moja za mkataba bado hazijafasiriwa. Nilifunua kioo kama ninavyokifunua siku zote. Ikalia "ta!", plastiki ya pembeni ikapasuka, na kioo kikabaki kinaning'inia upande mmoja. Ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza fundi aliiziba kwa gundi akaniagiza niwe naifunua kwa mikono miwili, taratibu, na kwa mwaka mzima na zaidi nilitii.

Mimi ni mfasiri, na kompyuta ndiyo jembe langu. Tangu 2016 nimelima na jembe la kampuni moja tu: mashine tatu, moja baada ya nyingine. Jina lake sitalitaja. Ya kwanza nilipewa na kaka yangu, ikanivusha miaka minne bila kusumbua, nikazoea. Vidole vilijua kila kitufe kilipo bila kuuliza macho. Chaja ya zamani iliingia kwenye mashine mpya. Mtu akiniuliza anunue ya kampuni gani, nilikuwa namjibu kabla hajamaliza swali. Kwa hiyo usiku ule niliumia kuliko kukasirika, kama mtu aliyemdhamini ndugu kwa jina lake, na ndugu akamwangusha.

Kesho yake nilipanda mwendokasi hadi Gerezani, kompyuta nimeifunga kwenye kanga na kuikumbatia kifuani. Fundi wangu ana meza ndogo ndani ya duka wanaloshirikiana watu watatu pale Kariakoo. Nikamwambia, "Fundi, hii kampuni sitaki kuiona tena. Nitafutie nyingine."

"Kaa kwanza, dada."

Akafungua skrubu, akatoa kifuniko, akaniita nisogee kwenye taa. Bawaba yenyewe ilikuwa nzima, chuma hakina hata mkwaruzo. Kilichong'oka ni vile vikombe vidogo vya shaba ambavyo skrubu za bawaba hujifunga ndani yake. Vikombe vilikuwa vimepachikwa kwenye plastiki nyembamba, na plastiki ndiyo iliyomeguka, vimetoka na vipande vyake kama jino lililong'oka na fizi. Kisha akainama chini ya meza akatoa mashine nyingine, nyeusi, imechubuka pembeni, akaigeuza nione ndani. Pale bawaba zilikuwa zimefungwa kwenye fremu ya chuma.

"Hii ni ya kampuni gani?" akaniuliza.

Nikaangalia nembo. Ilikuwa kampuni ileile yangu.

Nadhani pale ndipo uamuzi wenyewe ulipoanza. Miaka tisa nilikuwa naulizia jina la kampuni, kumbe kampuni nyingi kubwa zina nyumba mbili. Kuna mfululizo wa nyumbani, wa bei nafuu, wenye rangi za kuvutia dukani. Na kuna mfululizo wa ofisini: HP wana EliteBook, Dell walikuwa na Latitude hadi 2025, Lenovo wana ThinkPad. Hizi za ofisini mashirika ya nje hununua au kukodi kwa mamia, wanazitumia miaka mitatu minne, wanazitoa zote kwa pamoja. Ndiyo maana mitumba inayojaa Kariakoo ni hizo. Mashine zangu zote tatu zilikuwa za nyumbani, mpya, kwenye boksi, na nilikuwa najivunia boksi.

Fundi akaifunga tena kompyuta yangu kwa waya na gundi ya kuchanganya, akaniambia itanifikisha mwezi. Nikaamua kuutumia mwezi huo.

Nilichofanya kwanza ni kuweka daftari la shule pembeni ya meza. Kila kompyuta iliponisimamisha kazi, niliandika saa na sababu. Siku kumi na nne. Nilidhani litajaa lawama kwa kampuni, lakini nilipolisoma nikaona mambo yamechanganyika. Joto na kelele za feni ziliisha fundi alipopuliza vumbi, na mimi nilipoacha kufanyia kazi kitandani, godoro lilikuwa linaziba matundu ya hewa. Betri kufa ndani ya dakika arobaini ni umri wake. Mashine kukwama nikifungua faili kubwa ni RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine, ya GB 4, na hiyo niliichagua mwenyewe ili kuokoa pesa. Lililobaki kwenye hesabu ya kampuni ni bawaba peke yake. Lakini jambo lililonitisha zaidi halikuhusu kampuni hata kidogo: Microsoft walikuwa wanasitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yangu, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa ya kizazi cha 7. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha 8. Mimi hushika hati za watu, vyeti vya ndoa, ripoti za hospitali, mikataba. Siwezi kuziweka kwenye mashine isiyopata tena viraka vya usalama. Kwa hiyo kubadili mashine lilikuwa lazima. Swali lililobaki ni nihame kampuni au nibaki, safari hii kwa mfululizo wa ofisini.

Binti wa kaka yangu yuko chuo na ana MacBook Air ya M1, kompyuta ya Apple. Aliposikia akaniletea. "Shangazi, kaa nayo wiki nzima ndipo uamue." Nilikaa nayo siku sita. Lazima niseme ukweli, niliipenda. Haina feni kabisa, usiku chumba kinakuwa kimya mpaka unasikia saa ya ukutani. Nilifanya kazi tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni bila kuichomeka. Siku ya tatu umeme ulikatika mchana kutwa, sikushtuka. Ningekuwa mwandishi wa kawaida, habari ingeishia hapo.

Lakini wateja wangu wawili wakubwa hutuma kazi za Trados Studio, programu ya kutafsiria, na Trados ni ya Windows tu. OmegaT, programu nyingine ya kutafsiria ninayoitumia kwa kazi zangu nyingine, inakubali popote, ila mkate wangu mwingi uko kwenye hizo za Trados. Halafu RAM na diski ya Air hukaa kama vilivyotoka kiwandani, huwezi kuongeza baadaye. Iliyotumika, yenye GB 8, niliulizia nikaambiwa shilingi 1,450,000. Nilimrudishia binti huyo kompyuta yake kwa moyo mzito.

Zikabaki mbili: ya ofisini ya kampuni yangu ya zamani, na ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Kwa wiki moja nilizipima hadi nikachoka. Prosesa sawa, zote kizazi cha 8. Bei zinakaribiana. Kampuni yangu ilikuwa na faida ya mazoea, na mazoea kwa mtu anayechapa maneno elfu tatu kwa siku ni kitu kizito, anayebeza hilo hajawahi kulipwa kwa neno.

Kilichoinamisha mizani ni betri. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma inayotoka kwa kubonyeza vishikizo viwili. Ya ndani inaishikilia mashine wakati unachomoa ya nyuma na kuweka nyingine, bila kuzima, bila kupoteza hata sentensi. Na ya nyuma inapatikana kwa ukubwa wa wati-saa (kipimo cha umeme betri inaoubeba) 24, 48 na 72. Kwa mtu anayeishi mahali umeme unapokatika bila taarifa, sikuona sababu ya kuendelea kubishana na nafsi. La pili lilikuwa rafu ya fundi. Nilimuuliza, "Nikivunja kibodi kesho, ipi unayo kipuri chake hapa?" Akanyoosha kidole kwenye rundo la T480 zilizochinjwa, zimepangwa kama vitabu. Za kampuni yangu alikuwa na moja, na hiyo moja haina kioo.

Kununua kulichukua Jumamosi mbili. Duka la kwanza, mitaa ya karibu na Aggrey, muuzaji alinipa T480 inayong'aa, "Dada yangu, hii ilikuwa ya bosi, haijaguswa." Nikafungua ukurasa mtupu nikachapa bila kuangalia vidole: "Nyanya za Zainabu." Ikatokea "Nzanza ya Yainabu." Kibodi ya Kijerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi. Kwa Kiingereza ningeweza kuvumilia, herufi hizo hazitembei sana. Kwa Kiswahili, chenye ya na za kila mstari, ni balaa. Unaweza kuiambia Windows isome kibodi kwa mpangilio mwingine, lakini maandishi juu ya vitufe yatakudanganya kila ukiangalia chini. Nikaiacha.

Duka la pili niliizima mashine, nikaiwasha, na nembo ilipotokea nikabonyeza Enter, kisha F1, kuingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa. Ikaomba nenosiri. Muuzaji hajui. Hapo usinunue hata ukipunguziwa nusu ya bei. Nenosiri la msimamizi la ThinkPad likipotea, jibu la Lenovo wenyewe ni kubadilisha ubao mkuu.

Ya tatu ilifunguka. Nikakagua kioo, maana T480 zipo zenye vioo hafifu vya nukta 1366 kwa 768 na zenye 1920 kwa 1080, na kwa macho ya mtu anayesoma kutwa hiyo si tofauti ndogo. Kilikuwa kile kizuri. Kisha nikafungua dirisha jeusi la amri nikaandika powercfg /batteryreport, ikatoa ukurasa unaoonyesha betri ziliundwa kubeba kiasi gani na sasa zinabeba kiasi gani. Ya ndani iliundwa kwa wati-saa 24, imebaki na 19. Ya nyuma, 24 pia, imebaki na 11. Nilimgeuzia muuzaji kioo asome mwenyewe. Akashuka kutoka 670,000 hadi 620,000 bila mabishano. Baadaye fundi aliniongezea RAM ya GB 8 kwenye tundu la pili kwa 60,000, na betri ya nyuma ya wati-saa 72 nikaipata kwa 95,000. Jumla 775,000.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko nilivyotegemea. Kwenye ThinkPad kitufe cha pembeni kabisa kushoto ni Fn, wakati kidole changu kwa miaka tisa kinategemea Ctrl pale. Kila nikitaka kunakili sentensi, hakuna kinachotokea, na mara mbili nilibandika kipande cha zamani kwenye hati ya mteja bila kugundua papo hapo. Siku ya nne nikakumbuka kwamba kwenye mipangilio ileile ya F1 kuna mahali pa kubadilishanisha Fn na Ctrl. Nikabadilisha, na mkono wangu wa kushoto ukatulia. Kile kidude chekundu katikati ya kibodi, urithi wa tangu IBM walipoanza kutengeneza ThinkPad mwaka 1992, sijakizoea bado, ingawa naanza kuelewa wanaokipenda, mkono hauondoki kwenye vitufe.

Ijumaa iliyofuata umeme ulikatika saa mbili usiku nikiwa ukurasa wa tisa kati ya kumi na tano. Betri kubwa ilinipeleka hadi saa nane. Ilipofika asilimia tano nikawasha tochi ya simu, nikachomoa betri ya nyuma, nikapachika ile ndogo ya zamani. Kielekezi kilikuwa kinapepesa palepale nilipokiacha, katikati ya neno "mlalamikiwa". Nikalimalizia.

Mashine ya zamani iko mezani sebuleni, imeunganishwa na kioo cha pembeni, haina intaneti, mwanangu anajifunzia kuchapa. Haifunuliwi wala kufungwa tena.