Kabla ya kuusifia ukumbi, piga hesabu ya mabasi

Ukumbi wa tafrija ulio nje ya eneo la mkutano mara nyingi huchaguliwa kwa picha: taa nzuri, bustani, paa refu. Kinachoharibu tafrija ya watu 900 kwa kawaida ni barabara, na picha haiionyeshi.

Chukua basi la viti 50 na ulihesabie abiria 45, maana watu hupanda kwa makundi na viti vingine hubaki wazi. Wageni 900 ni safari 20. Kupakia dakika 10, njiani 15, kushusha 5, kurudi 15: mzunguko mmoja ni dakika 45. Mabasi 10 yakienda mara mbili, kundi la mwisho linashuka dakika ya 75. Sasa ongeza foleni ya jioni, njia iwe ya dakika 25. Kundi hilohilo litashuka dakika ya 105, chakula kikiwa kimeshaanza kupoa na hotuba zimekwisha. Kwa hiyo ipime njia siku ya kazi, saa ileile ya tafrija. Kuipima Jumapili asubuhi ni kujidanganya.

Angalia pia pa kushushia. Lango likipokea mabasi mawili tu kwa wakati mmoja, mengine yatasubiri barabarani na abiria ndani. Wakati wa kuondoka, basi la kwanza liwe tayari saa moja baada ya tafrija kufunguliwa. Wapo watakaochoka mapema.

Ndani, usiamini idadi iliyoandikwa kwenye kipeperushi. Mara nyingi ni ya ukumbi mtupu. Ondoa jukwaa, kaunta za vinywaji, meza za chakula na njia za wahudumu, kisha kilichobaki kigawe kwa mita moja ya mraba kwa kila mgeni aliyesimama. Kaunta zitawanywe, na moja iwe mbali kabisa na mlango, la sivyo wote watajazana pale walipoingilia. Mhudumu mmoja wa vinywaji kwa wageni 50 hadi 75 anatosha.

Makumbusho yanavutia, lakini soma masharti yake kwanza: mengi hayaruhusu mishumaa, na baadhi hukataa mvinyo mwekundu karibu na vitu vya maonyesho. Yakifungwa kwa umma saa kumi na moja jioni na wageni wanafika saa moja, una saa mbili tu za kuingiza meza, vyombo na spika. Uliza lifti ya mizigo ina upana gani. Meza ya duara isipoingia, itapandishwa ngazi kwa mabega.

Bustani bila mahali pa kukimbilia mvua usiikodi. Hema nalo liwe limeshalipiwa, na tarehe ya mwisho ya kuamua kama litasimamishwa iandikwe kwenye mkataba. Humohumo iandikwe saa ya kuzima muziki, gharama ya kila saa ya ziada, na kama unalazimika kutumia wapishi wao.