Sutherland, ambako Njia Nyeupe ni ukuta

Tuliiacha Cape Town ikinyesha. Mwezi Mei mvua za msimu wa baridi huwa zimeshaanza, na mgeni angeshangaa kusikia kwamba anga safi ya kutazama nyota tunaifuata Sutherland, kilomita 370 tu kutoka mji wenye mawingu namna ile. Jibu liko barabarani. Ukitokeza upande wa pili wa handaki la Huguenot, ukalipita bonde la Hex na mizabibu yake, milima inabaki nyuma pamoja na mawingu iliyoyazuia. Mbele ni Karoo: vichaka vifupi, mawe, na upeo ambao hauna kikwazo.

Matjiesfontein tukaacha barabara kuu ya N1 na kushika R354 kuelekea kaskazini. Nilikuwa na mwanafunzi kutoka Dodoma, safari yake ya kwanza kwenye darubini kubwa.

"Dada, watu wa huku wanaishi kwa nini?" akauliza baada ya kimya kirefu.

"Kondoo," nikamjibu, "na siku hizi wageni wanaokuja kutazama nyota."

Barabara ilipanda kwa kona za Verlatekloof, baridi ikaingia garini, na kabla ya jua kuzama tukaziona kuba nyeupe za darubini juu ya kilima, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kubwa kuliko zote ni ya darubini iitwayo SALT, iliyozinduliwa 2005, yenye kioo cha mita 11 kilichoungwa kwa vipande 91 vya pembe sita. Wafanyakazi wake ndio wanaoiendesha. Wewe unatuma maombi, nao wanakuangalizia. Sisi tulikuwa na zamu kwenye darubini ya mita 1.9. Naipenda hii mashine kwa dhati. Ilianza kazi Pretoria mwaka 1948, na taa za mji zilipozidi ikahamishiwa huku katika miaka ya 1970.

Giza likiingia, gari huruhusiwi kuwasha taa kubwa. Tulitembea kwa miguu hadi kwenye kuba, na pale mwanafunzi wangu akasimama. Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota za galaksi yetu, ilikuwa imetanda kutoka upeo hadi upeo, angavu kiasi cha kuonyesha mabaka meusi ya vumbi ndani yake. Nilimwacha atazame kwanza, halafu nikamwambia kinachonisumbua miaka yote ya kazi hii: uzuri ule ndio ukuta wetu. Vumbi lile linaficha galaksi nyingine, yaani mikusanyiko mingine mikubwa ya nyota, zilizo nyuma yake, na huko nyuma kuna vitu vizito mno. Galaksi yetu na jirani zake zinavutwa kwa mwendo unaozidi kilomita 600 kwa sekunde, na sehemu ya kinachovuta iko upande ule. Mwaka 2016 Renée Kraan-Korteweg wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake, wakitumia SALT na darubini ya Australia, walitangaza kundi kuu la Vela, kusanyiko la galaksi lililojificha nyuma ya vumbi hilo, umbali wa miaka nuru milioni 800 hivi. Kitu kikubwa kiasi hicho, na hakikuwa kwenye ramani zetu!

Usiku ule lengo letu lilikuwa rahisi zaidi: kundi kuu la Shapley, ambalo kati ya saa nne na saa tano usiku lilikuwa karibu utosini. Tulielekeza darubini kwenye galaksi moja ya Abell 3558, kundi mojawapo ndani yake, tukakusanya mwanga wake, tukaupitisha kwenye kifaa cha kutawanya rangi. Kwenye skrini ukatokea mstari mwembamba wa kijivu wenye mapengo mawili meusi. Ni alama za elementi ya kalisi. Maabarani huonekana kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 393.4 na 396.8, hapa la kwanza lilikuwa limesogea hadi karibu 412. Msogeo huo ndio kipimo cha mwendo: galaksi ile inatukimbia kwa takriban kilomita 14,000 kwa sekunde, na mwanga tulioupokea uliondoka kabla nchi kavu ya dunia haijaota mmea hata mmoja.

"Na hii ya pili mbona ina mwendo tofauti?" akauliza alipoona galaksi ya jirani.

Hilo ndilo swali. Mwanaastronomia Fritz Zwicky alilikuta mwaka 1933 katika kundi la galaksi la Coma: galaksi zilikwenda mbio kiasi kwamba uzito wa nyota zinazoonekana usingetosha kuzizuia zisitawanyike. Kwa hiyo tunapima moja baada ya nyingine, mpaka tujue kundi zima lina uzito gani.

Saa kumi alfajiri unyevu ulipanda tukafunga kuba. Asubuhi kioo cha gari kilikuwa na barafu. Tukiwa tunaikwangua, tulikuwa tayari tunabishana kuhusu Carnarvon, ambako sahani 64 za darubini ya redio ya MeerKAT husikiliza mawimbi ya haidrojeni, na mawimbi hayo hupenya vumbi bila shida. Yeye anataka aanze na Vela. Mimi nasema aanze na kundi la Norma, lililo karibu zaidi, na maombi ya muda tunayaandika sasa.