Bibi kwenye vipando vya Ngongo

Bibi yangu mzaa mama hakuwa mtu wa matembezi. Kilichomtoa Mtama kilikuwa harusi, msiba au hospitali. Kwa hiyo alipotangaza kwamba anakwenda Nane Nane, maonyesho ya wakulima, na kwamba atakwenda na mimi, nyumba nzima ilishangaa. Nilikuwa darasa la sita. Mwenzake mmoja wa chama cha msingi cha ushirika alikuwa amemwambia kuwa watu wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, wameleta miche ya mikorosho viwanjani Ngongo, na kila mtu anaruhusiwa kuingia, kushika na kuuliza.

Tulipanda haisi alfajiri, tukapita Mnazi Mmoja, tukashuka Ngongo kabla ya kufika Lindi mjini. Watoto wenzangu walikimbilia kwenye muziki na mabanda ya mifugo. Bibi alinishika mkono tukaenda moja kwa moja kwenye vipando.

Mihogo, ufuta, mbaazi, karanga: mimea niliyokua nayo, ila hapa ilipangwa kwa mistari na kumwagiliwa, mwezi wa nane ambao kwetu nyasi zimeshakauka, na kila kipando kilikuwa na kibao chenye jina la mbegu. Nilisimama kwenye ufuta muda mrefu. Nilikuwa nimeupalilia tangu mdogo bila kuona kwamba maua yake huinamia chini.

Miche ya mikorosho ilikuwa ndani ya banda la kivuli, kwenye viriba. Kijana aliyeisimamia aliamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nionyeshe mnavyobebesha."

Akakata kichwa cha mche, akaupasua katikati, akachukua kikonyo, yaani kijiti cha tawi la mti mwingine, kilichochongwa pande mbili, akakichomeka na kukifunga kwa utepe wa nailoni. Alieleza kwamba korosho ya mti mzuri ukiipanda si lazima ikupe mti mzuri, kwa kuwa nyuki na wadudu wengine huchanganya chavua za miti mbalimbali. Kikonyo hakichanganyi. Kinabeba tabia za mti kilikotoka.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza alichokuja kuuliza: "Na mti mzee je?"

Mikorosho yake aliipanda na marehemu babu. Wakati wa vijiji vya ujamaa wakahamishwa, shamba likabaki mbali, likaingia pori na moto. Waliporudi kulihudumia, ukaja ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua kabla hayajashika korosho. Kijana alitutajia hesabu za korosho za nchi nzima: zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74, na katikati ya miaka ya 1980 hazikufika hata 20,000 kwa baadhi ya misimu. Bibi alitikisa kichwa. Miaka hiyo ndiyo mama yangu aliyoacha shule, na sidhani kama kijana yule alijua alikuwa anamsomea mtu maisha yake.

Jibu lilikuwa kwamba mti mzee usiozaa unaweza kukatwa ukabaki kisiki kifupi. Kisiki huchipua, machipukizi machache yenye nguvu yanaachwa, na hayo ndiyo yanayobebeshwa. Mizizi ni ile ile, kwa hiyo mti haukawii kuzaa.

"Mizizi ni ile ile," bibi alirudia.

Nje kulikuwa na mkorosho uliochanua. Kijana alituinamishia tawi, akanionyesha kuwa katika shada moja maua mengi ni dume tu, na machache ndiyo yenye sehemu zote mbili, yanayoweza kuzaa. Yaliyofunguka karibuni yalikuwa meupe, ya zamani yamegeuka mekundu. Bibi alinusa, akauliza wanapuliza salfa ya ubwiriunga lini, akabishana naye kuhusu umande. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo.

Getini tulinunua ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa, tukala tukisubiri gari.

Mjomba aliposikia habari ya kukata mikorosho ya baba yake, alikataa katakata. Walibishana mpaka mavuno yakaisha. Hatimaye bibi alichagua mmoja, ule wa mpakani ambao hata debe haujazi, akamkabidhi panga na kumwambia aanze na huo. Vikonyo alivifuata Naliendele yeye mwenyewe.