Rosina, aliyebaki na barua

Jana watoto walipolala niliweka Azulejos, kipande cha piano cha mtunzi wa Hispania Isaac Albéniz, nikakisikiliza mara tatu mfululizo. Jina lake maana yake ni vigae vya rangi. Albéniz, mzaliwa wa Camprodon huko Katalonia, alifariki mwaka 1909 kule Cambo-les-Bains, Ufaransa, kwa maradhi ya figo, na kipande hicho akakiacha nusu. Mjane wake, Rosina Jordana, ndiye aliyemwomba rafiki yao, mtunzi Enrique Granados, akimalizie.

Hapo nikasimamisha muziki. Rosina alikuwa mwanafunzi wake wa piano kabla ya kuolewa naye mwaka 1883, kwa hiyo noti alizijua. Mume akisafiri kupiga muziki, barua zake zilimfikia Rosina nyumbani. Leo tunamjua Albéniz wa ndani, mwenye hofu na mapenzi, kwa sababu ya mwanamke huyo aliyekuwa upande wa pili wa karatasi.

Nilimkumbuka mama. Barua za marehemu baba alizitunza kwenye kopo la biskuti, zimefungwa kwa uzi wa cherehani. Niliwahi kufungua moja: wino umefifia, ila pembeni mama ameandika kwa penseli, "nimejibu Jumanne."

Neno hilo moja limenikaa kooni tangu jana. Jamani, majibu yao wake zetu na mama zetu yako wapi? Kama nyumbani kwenu kuna kopo kama lile, naomba usilitupe.