Michoro na modeli za mradi wa makumbusho: jinsi ninavyoziandaa

Makumbusho huwaumbua wanafunzi wengi wa usanifu majengo, na si kwa sababu ya ugumu wa umbo. Jengo hili linapimwa kwa kitu ambacho ramani ya sakafu haikionyeshi, nacho ni mwanga. Kwa hiyo mimi huanza na mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima. Ramani ya sakafu huja baadaye, ikifuata kile mkato ulichokwisha kuamua.

Mkato wa kwanza nauchora kwa mkono, skeli ya 1:50 (sentimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 50 za jengo), ukumbi mmoja tu wa maonyesho kuanzia msingi hadi paa. Kabla ya kuvuta mstari wowote naandika pembeni ni vitu gani vitawekwa humo, kwani havivumilii mwanga kwa kiasi kimoja. Kiwango ambacho wahifadhi wengi hukifuata ni laksi (kipimo cha mwangaza) 50 hivi kwa karatasi, nguo na kila chenye rangi inayopauka, na laksi 200 hivi kwa picha za rangi ya mafuta. Mawe, chuma na vyungu havina shida kubwa. Jua la moja kwa moja, kwa upande wake, hufikia laksi 100,000. Ukiziweka namba hizo pamoja, utaelewa kwa nini ukumbi wa vioo uliopendeza kwenye skrini si mahali pa kutundika vazi la kale.

Inasaidia sana kunakili mikato miwili mitatu ya majengo yaliyokwisha kupambana na tatizo hilo. Mimi hurudi kwenye Dulwich Picture Gallery ya London, kazi ya John Soane iliyofunguliwa mwaka 1817, ambamo mwanga huingia kupitia vidirisha vilivyoinuliwa juu ya paa na kuta zote zikabaki kwa ajili ya picha. Nyingine ni Kimbell Art Museum ya Fort Worth, Texas, iliyosanifiwa na Louis Kahn na kufunguliwa mwaka 1972. Pale kila tao la zege lina mwanya mrefu kileleni, na chini ya mwanya kuna mabawa ya alumini yanayourudisha mwanga juu kwenye zege kabla haujawafikia watu. Inakili kwa skeli ileile unayotumia kwenye mradi wako. Hapo ndipo utakapoona kwamba kati ya anga na jicho la mgeni kuna kifaa kizima chenye kina chake, na kwamba mstari mmoja ulioandikwa "kioo" juu ya dari hautoshi.

Tahadhari moja kuhusu uelekeo. Ule ushauri wa kufungua paa upande wa kaskazini ulitoka kwenye nchi zilizo mbali kaskazini mwa ikweta. Kusini mwa dunia mambo hugeuka, na karibu na ikweta jua hupita kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, kwa hiyo pande zote mbili zinahitaji kinga. Usiunakili uelekeo wa jengo la mbali bila kuangalia latitudo ya kiwanja chako.

Mkato ukishatulia, najenga modeli ya kupimia mwanga kabla ya kugusa kompyuta. Mwanga haujali skeli: ndani ya kisanduku cha 1:50 husambaa sawasawa na utakavyosambaa kwenye ukumbi wenyewe, mradi rangi za kuta, sakafu na dari ziwe na weupe au weusi unaolingana na ule wa jengo. Joto na sauti haviko hivyo, kwa hiyo usijaribu kuvipima kwa njia hii. Ukumbi wa mita 12 kwa 8, wenye urefu wa mita 5 kwenda juu, unakuwa kisanduku cha milimita 240 kwa 160 kwa 100, kazi ya siku moja kwa bodi ya fomu (povu jepesi kati ya karatasi mbili) ya mm 5. Bodi hiyo kwa skeli hiyo ni ukuta wa mm 250, unene unaoaminika.

Kosa linaloharibu vipimo vyote hapa ni mwanga kupenya kwenye bodi yenyewe. Bodi nyeupe ya fomu huonekana kama haipitishi mwanga, lakini ukiiinua dhidi ya jua utaona inang'aa. Funika nje yote kwa karatasi nyeusi au karatasi ya alumini, na kila kiungo kipigwe tepu nyeusi. Kisha toboa tundu la kamera ukutani, na liwe katika urefu wa jicho: mita 1.6 kwa 1:50 ni mm 32 kutoka sakafuni.

Laksi zinazosomwa na simu si za kuaminika zikisimama peke yake. Uwiano wake, hata hivyo, unafaa. Siku ya mawingu yaliyotanda anga lote, pima nje mahali pasipo kivuli, halafu ingiza simu ileile ndani ya modeli, kihisio kikitazama juu, na upime tena papo hapo. Simu ni kubwa kwa kisanduku cha 1:50, basi ipitishe kwenye mwanya uliokatwa sakafuni ili ibaki chini ya usawa wa sakafu. Gawanya cha ndani kwa cha nje. Anga la mawingu la laksi 10,000 na uwiano wa asilimia 2 hukupa laksi 200 ndani. Kwa laksi 50 unahitaji nusu asilimia. Mara nyingi jibu la kwanza huwa kubwa kupita kiasi, na tiba si kupunguza tundu la paa tu. Ongeza kina cha tundu, au weka bawa chini yake, kisha pima upya. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na naona ajabu wengi wanavyoiruka na kwenda kupaka rangi picha za kompyuta.

Ramani ya sakafu sasa inachorwa kwa 1:200, kisha 1:100. Makumbusho ina njia tatu: ya wageni, ya wafanyakazi na ya vitu. Ya vitu ndiyo husahaulika. Inaanzia kwenye mlango wa kushushia mizigo, inapita chumba cha kufungulia kreti (masanduku ya kusafirishia vitu), karantini ya kuangalia wadudu, ghala, chumba cha matayarisho, ndipo ifike ukumbini. Zichore njia hizo kwa rangi tatu kwenye karatasi angavu ya kunakilia iliyolazwa juu ya ramani. Zikikutana kwingine kokote zaidi ya ukumbini, panga vyumba upya. Ghala lisiwe chini ya vyoo wala chini ya mabomba ya maji, jambo ambalo mkato huliumbua mara moja.

Halafu kata kreti la karatasi. Chukua kitu kikubwa kuliko vyote kwenye orodha yako, kiongezee kifungashio, ukate mstatili wake kwa skeli ya ramani na kuusukuma kwa kidole kutoka mlango wa mizigo hadi ukumbini. Kreti la mita 3 kwa 0.6 kwenye kona ya korido mbili za mita 1.5 hupita kwa sentimita nne tu. Karatasi itapita; watu na toroli hawatapita. Mimi huweka korido za vitu mita 2.4, na milango na lifti ya mizigo kwa kipimo kinachoendana na hiyo.

Sura za nje sizipi muda mwingi. Mkato na ramani vikiwa sahihi, sura za nje zinajitokeza zenyewe, na kazi inayobaki ni vivuli na mpangilio wa vifaa.

Tukija kwenye unene wa mistari, karatasi ya A1 hunitosha kwa viwango vitatu: mm 0.5 kwa kilichokatwa, 0.25 kwa kingo zinazoonekana, 0.13 kwa samani, vigae na maungio ya vifaa vya ujenzi. Kuta zilizokatwa kwenye 1:200 nazijaza weusi kabisa. Kwenye 1:50 weusi mtupu ni uvivu, kwa sababu hapo msomaji anataka kuona tabaka za ukuta. Kumbuka kwamba A1 ikipunguzwa kuwa A3 kila kitu hupungua nusu. Mstari wa 0.13 unakuwa 0.065 na printa huumeza, na herufi za mm 2.5 zinakuwa za 1.25 zisizosomeka. Kama jopo la tathmini litapewa pia kitabu cha A3, panda hadi 0.18 kwa mistari myembamba na mm 4 kwa herufi tangu mwanzo.

Modeli ya mazingira huwa 1:500, na ya jengo 1:200 au 1:100. Chagua bodi kwa hesabu. Kontua (mistari ya kimo cha ardhi) za kila mita 1 kwa 1:500 ni mm 2, unene wa kadibodi ya kijivu ya kawaida. Kwa 1:200 ni mm 5. Kila tabaka likatwe likiwa pana kiasi cha kuingia mm 15 hivi chini ya lile la juu yake, na mstari wa kontua ya juu uchorwe kwa penseli hafifu ili ujue pa kubandikia. Usijaze katikati yote kwa kadibodi. Vipande vya kushikilia vinatosha, na modeli haitakuwa mzigo wa watu wawili.

Kwa kuta za 1:100, bodi ya mm 3 ni ukuta wa mm 300. Kata kwa mapigo matatu: la kwanza lipite karatasi ya juu, la pili fomu, la tatu karatasi ya chini. Rula iwe ya chuma na vidole viwe nyuma ya ukingo wake. Wembe ukianza kuchakaa, fomu humeguka kama mkate mkavu, na hakuna kusafisha kutakakoificha, kwa hiyo vunja ncha ya wembe kabla hujaona dalili. Kona nazifanya kwa kuondoa karatasi ya ndani na fomu kwa upana sawa na unene wa bodi, nikiiacha karatasi ya nje tu ifunike ukingo wa ukuta wa pili. Fomu haionekani tena popote. Ukiamua kuunganisha kwa kugusanisha tu, kumbuka kutoa unene mara mbili kwenye kuta mbili zinazoingia katikati: sanduku la nje la mm 160, kwa bodi ya mm 3, linataka ukuta wa mm 154.

Gundi nyeupe ndiyo salama, ila ina maji, na ikipakwa nyingi kwenye kadibodi nyembamba huipinda. Paka kidogo, kisha ibane chini ya vitabu vizito hadi ikauke. Supaglu na rangi nyingi za kupuliza hula fomu. Supaglu pia huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, kwa hiyo vioo navishika kwa tepu nyembamba ya pande mbili iliyofichwa nyuma ya fremu.

Mashine ya leza huokoa muda kwenye kadibodi ya kijivu na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya mm 3, lakini inakata ulichochora, makosa yakiwemo. Mstari uliorudiwa mara mbili kwenye faili hukatwa mara mbili na ukingo unaungua. Leza hula kiasi cha mm 0.1 hadi 0.2, basi kata kwanza mraba wa mm 20 na tundu la kuupokea kwenye kipande cha taka, uone kama vinashikana. Agiza mistari inayochorwa juu juu bila kukata ianze, kisha matundu ya ndani, na mzunguko wa nje uwe wa mwisho, la sivyo kipande kitasogea kabla matundu hayajakatwa. PVC (aina ya plastiki) isiingie kwenye leza hata kidogo, kwani hutoa gesi yenye klorini. Bodi ya fomu nayo huyeyuka na inaweza kushika moto; hiyo ni kazi ya wembe.

Printa ya 3D naitumia kwa ngazi na maumbo yaliyopinda tu. Nozeli ya kawaida ni mm 0.4, na reli ya ngazi ya mm 50 kwa 1:200 ni mm 0.25. Haitatoka. Weka waya, au uiache kabisa.

Picha za modeli huharibiwa na kamera kuwa juu mno. Kwa 1:100 jicho la mgeni liko mm 16 kutoka sakafuni, na lenzi ya simu iliyosimama kawaida haiwezi kushuka hapo. Igeuze kichwa chini ili lenzi iguse meza. Tumia taa moja iliyo mbali, kwani taa ya karibu hutawanya vivuli na jua halifanyi hivyo.

Karatasi kubwa za kuwasilisha nazipanga kwanza kwa mistatili mitupu kwenye A4, mkato wa 1:50 ukichukua nafasi kubwa kuliko vyote na ramani zote zikielekea upande mmoja wa dira. Kila mchoro uwe na kipimio cha mstari (mstari mfupi uliogawanywa kwa mita), maana kuandika "1:100" hakusaidii printa ikiamua kufinya ukurasa uingie kwenye karatasi. Chapisha kipande cha sentimita 20 chenye mistari yote mitatu na picha moja, ukipime kwa rula, ndipo uruhusu karatasi kubwa.

Paa la modeli silibandiki. Linakaa juu ya vijiti vinne vilivyojificha kwenye pembe ili wajumbe wa jopo waliinue na kuchungulia ukumbi. Safarini husafiri kwenye sanduku lake, na msingi wa modeli nao hufungwa kwa skrubu kwenye sakafu ya sanduku lake, pamoja na wembe mmoja, gundi na vipande vya ziada vya bodi ileile.