Yeremia 29:11 usiisome peke yake

Wapendwa wa Malindi, kusi imeshika, mashua ziko juu ufukweni na mifuko imekauka. Naona mnatumiana Yeremia 29:11 kwenye simu, ule mstari wa Mungu kuwawazia watu wake amani na kuwapa tumaini. Vyema, ila anzeni mstari wa 4 hadi wa 14, kwa sauti, mara mbili. Ile ni barua kwa mateka walioko Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka 70! Anayeuruka hungoja mlango ufunguke Ijumaa. Usipofunguka, hudhani Mungu kamsahau. Mstari wa 5 unawaambia mateka wajenge nyumba, wapande bustani. Basi ngojeni mkifanya kazi: tengenezeni nyavu, zibeni nyufa za mashua kwa kalafati. Aliyeshindwa kuomba achukue Zaburi 13, mistari 6 tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko matupu. Aanzie hapo, asikimbilie wa 5, wa matumaini.