Jogoo wa Babu na Amri ya Mwaka 1609

Babu yangu mzaa mama alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga ulioanza kushika kutu, na ndani yake alihifadhi stakabadhi zake za kodi ya kichwa za mwaka baada ya mwaka, zikiwa zimefungwa kwa uzi wa katani. Alilima tumbaku na muhogo na kutundika mizinga ya nyuki msituni, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Uyui, na mkebe ule ulikaa juu ya kichanja ambacho sisi wajukuu hatukukifikia. Siku moja katikati ya miaka ya tisini, nikiwa darasa la tatu, mgambo wawili waliingia uani jua likiwa utosini, wakataka kuonyeshwa stakabadhi ya mwaka ule. Babu alishusha mkebe, akafungua uzi, akawapa karatasi. Mmoja wao aliisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo, akairudisha, kisha akasema kwamba wametembea tangu alfajiri na kwamba si desturi ya Wanyamwezi kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu. Waliondoka na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu na kuning'inizwa kwenye usukani wa baiskeli, pamoja na chupa mbili za asali.

Kwa kodi yenyewe sikumsikia babu akinung'unika hata siku moja, ingawa ilikuwa ikimlazimu kuuza gunia la mahindi wakati bei iko chini. Jogoo yule, hata hivyo, aliendelea kutajwa kwa miaka mingi. "Kodi nililipa, mjukuu wangu," alikuwa akiniambia, "sasa jogoo nilimlipia nini?"

Swali hilo lilinirudia majuzi nilipokuwa nikisoma habari za Milki ya Osmani, ile dola ya Waturuki iliyotawala kutoka Istanbul, na nikaikuta amri aliyoitoa Sultani Ahmed wa Kwanza mwaka 1609. Waliiita adaletname, yaani waraka wa uadilifu, na nyaraka za namna hiyo zilitolewa mara nyingi katika dola ile. Waraka huu unawakemea magavana na wakuu wa majimbo ambao badala ya kulinda watu huzunguka vijijini na wapandafarasi wengi kwa kisingizio cha kufanya ukaguzi, wakilala katika nyumba za wenyeji bila kulipa na kuchukua bure shayiri na majani ya farasi wao, kuni, kondoo, kuku, mafuta na asali. Nilipofika kwenye asali niliweka simu chini kwa muda.

Jambo la kwanza linalomgusa msomaji wa Kiswahili katika historia hii ni kwamba hahitaji mkalimani kwa maneno yake makuu. Watu wa dola ile waligawanywa katika tabaka mbili: askeri, yaani waliomtumikia Sultani kwa upanga, kwa kalamu au kwa elimu ya dini na hivyo kusamehewa kodi nyingi, na reaya, yaani wakulima, mafundi na wafanyabiashara waliozilipa. Hao ni askari na raia wetu. Sheria ya Sultani iliitwa kanun, kitabu cha hesabu kiliitwa defter, mwamuzi aliitwa kadı, na uonevu uliitwa zulüm. Maneno hayo yaliwafikia wao kwa njia yao, nasi yakatufikia kutoka pwani pamoja na misafara, lakini sentensi nzima ya malalamiko ya karne ya 17, kwamba askari wanawadhulumu raia kinyume cha kanuni iliyo daftarini, inasemeka leo katika ofisi ya kijiji hapa Tabora bila kubadilisha neno la maana.

Ili kuelewa kwa nini kuku na shayiri vilifika hadi kwa Sultani, ni lazima kwanza kujua nini kilikuwa halali. Sehemu kubwa ya mashamba ilihesabiwa kuwa mali ya dola, na kaya ya mkulima ilikuwa na haki ya kulitumia na kumrithisha mtoto wa kiume shamba linalotosha kulimwa kwa jozi moja ya maksai, mradi tu lisiachwe bila kulimwa. Kwa shamba hilo kaya ilitoa ushuru wa mwaka, ambao katika majimbo mengi ya Anatolia, yaani sehemu ya Uturuki ya leo iliyo upande wa Asia, ulikuwa akçe 22, sarafu ndogo za fedha, na pia ilitoa sehemu ya mavuno. Mapato hayo hayakupelekwa yote Istanbul. Mengi yalikabidhiwa kwa sipahi, askari wa farasi aliyegawiwa eneo la kukusanya badala ya mshahara, na eneo lenye mapato yasiyofika akçe 20,000 kwa mwaka liliitwa timar. Yeye kwa upande wake alipaswa kufika vitani na farasi wake, silaha zake na wafuasi kulingana na mapato hayo. Kila kitu kiliandikwa: kaya, shamba, kiwango. Sipahi aliyevuka kiwango alishtakiwa kwa kadhi, na zipo kesi ambazo mkulima alishinda.

Sisemi kwamba mpango huo ulikuwa neema. Mkulima hakuruhusiwa kuondoka shambani apendavyo, na anayekusanya kodi akiwa ndiye mwenye upanga, mashaka hayakosi. Hata hivyo mkulima alijua kipimo, na aliyekuja kudai alikuwa mtu anayejulikana, ambaye mwaka unaofuata angerudi kuvuna hapo hapo na kwa hiyo hakuwa na faida ya kumfilisi.

Kilichovunja mpango huo ni bunduki na ukosefu wa fedha, vikifuatana. Kuanzia mwaka 1578 hadi 1590 dola ilipigana na Uajemi, na kuanzia 1593 hadi 1606 ikapigana na Wahabsburg, ukoo wa kifalme uliotawala Austria, upande wa Ulaya, ambako mpandafarasi mwenye mkuki hakufua dafu mbele ya askari wa miguu wenye bunduki. Sultani alihitaji wapiga bunduki wengi, wa haraka. Jeshi la Majanisari, askari wa miguu wa kudumu wa Sultani, ambalo mwishoni mwa miaka ya 1560 lilikuwa na watu wapatao 13,000, lilizidi 37,000 ilipofika mwaka 1609, na wote hao walipaswa kulipwa fedha taslimu. Hao nao hawakutosha, kwa hiyo vijana wa vijijini waliandikishwa kwa makundi, wakaitwa sekban, wakapewa ujira kwa msimu wa vita na kuachishwa vita vilipotulia. Wakati huo huo, mnamo mwaka 1585 na 1586, madini ya fedha yaliyokuwamo ndani ya akçe yalipunguzwa, na sarafu ya dhahabu iliyokuwa ikibadilishwa kwa akçe 60 ikawa inabadilishwa kwa 120. Sipahi ambaye mapato yake yaliandikwa kwa akçe alijikuta maskini bila daftari kubadilika hata herufi. Wengi walianza kukwepa kwenda vitani, na baada ya vita vya Mezőkeresztes huko Hungaria mwaka 1596 wale waliokuwa hawapo kwenye orodha ya waliofika walinyang'anywa timar zao.

Hapo ndipo Anatolia ilipojaa watu waliojua kutumia silaha na wasiokuwa na mlipaji. Baadhi walifuata viongozi wa maasi walioitwa Celali, kama Karayazıcı Abdülhalim aliyeasi mwaka 1598 na ambaye serikali, iliposhindwa kumkamata, ilijaribu kumtuliza kwa cheo. Wengine waliajiriwa na magavana wenyewe, kwa kuwa gavana asiye na walinzi wengi hakuheshimiwa na waasi wala na gavana jirani, na gavana huyo naye hakuwa na mapato ya kuwalipa. Zile ziara za ukaguzi zilizolaaniwa na Sultani zilikuwa ndiyo njia ya kuwalisha. Askari walikaa kijijini siku kadhaa, wakala wao na farasi wao, na kabla ya kuondoka walidai malipo yaliyobuniwa majina, mojawapo likiwa bei ya kiatu cha farasi, kana kwamba mwenye nyumba ndiye aliyemwita farasi huyo aje. Nilipolisoma hilo nilicheka, kisha nikakumbuka "wametembea tangu alfajiri."

Kati ya mwaka 1603 na 1610 hivi, wakulima wengi wa Anatolia waliacha mashamba na kukimbilia miji yenye kuta, milima, au mikoa ya mbali, na wanahistoria huuita wakati huo Mkimbio Mkuu. Murad Pasha, waziri mkuu, aliwavunja waasi kwa ukatili uliompa jina la Kuyucu, mchimba visima, kwa sababu ya mashimo aliyojaza maiti. Amri ya 1609 ilitolewa wakati huo, watu wakiwa wanahimizwa warudi mashambani, na kwa maoni yangu lengo lake halikuwa huruma peke yake: shamba lisilolimwa halitoi akçe 22. Kadhi waliagizwa kuzisoma nyaraka hizi hadharani na kuzinakili katika daftari za mahakama, ingawa kadhi nao, katika nyaraka za aina hiyo hiyo, walikemewa kwa kuzunguka vijijini wakijitafutia ada.

Nimeusoma muhtasari wa amri ile mara kadhaa nikitafuta mahali inaposema nani atamlipa askari aliyekatazwa kuchukua kuku. Sikupaona. Inataja kosa kwa ufasaha mkubwa na kutisha kwa adhabu, lakini mtu mwenye bunduki na njaa anaachwa na bunduki yake na njaa yake, na ndiyo maana nyaraka za uadilifu zilibidi zitolewe tena na tena. Suluhisho lililokuja baadaye lilikuwa la ajabu kidogo: mwanzoni mwa karne ya 18 serikali iliweka kodi rasmi za kuwasaidia magavana kugharimia watu wao, na kwa njia hiyo sehemu ya kile ambacho mwaka 1609 kiliitwa dhuluma ikaingizwa daftarini na kuwa halali.

Huku kwetu safari ya neno ilikwenda kinyume. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru ambao misafara iliutoa kwa watemi kwa vitambaa na shanga ili ipite na kununua chakula, na japokuwa wenye misafara waliilalamikia sana, ilikuwa malipo ya wazi, yanayojadiliwa mchana mbele ya watu. Leo hongo ni ile inayopitishwa chini ya meza. Nasi pia tulikuwa na vijana wenye bunduki wasiokuwa na mshahara: rugaruga wa Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, na wale wa Nyungu ya Mawe kule Ukimbu, walioishi kwa ngawira. Mirambo aliwamudu vijana wake kwa nidhamu kali, lakini rugaruga ambaye hana vita vya kumlisha alikuwa tatizo la mwenye shamba wa karibu, si la mtemi wa mbali. Wazee wa hapa hulitaja neno hilo hadi leo wanapomkanya kijana asiye na kazi, na hawalitaji kwa sifa.

Wakulima wa Anatolia walikuwa na kitu kimoja ninachokionea wivu, nacho ni mahali pa kupeleka malalamiko yaliyoandikwa. Raia yeyote, Mwislamu au Mkristo, mwanamume au mwanamke, aliweza kumtafuta mwandishi, akaandikiwa arzuhal, na kuipeleka kwenye baraza la Sultani, na kuanzia mwaka 1649 kuna daftari maalumu zilizowekwa kwa ajili ya majibu ya malalamiko hayo. Walalamikaji hawakusema kwamba hawataki kulipa. Walieleza kwamba wamelipa kile kilichoandikwa, kisha wakataja kilichochukuliwa zaidi ya hapo, na mara nyingi walimalizia kwa kusema kwamba mambo yakiendelea hivyo watatawanyika na ardhi itabaki ukiwa. Huo ulikuwa unyenyekevu wenye meno, kwa kuwa kila karani aliyesoma alijua maana yake katika hesabu za mwaka unaofuata. Wengi walijibiwa kwa kurudishwa kwa kadhi na gavana wale wale, na njia ya kutoka Istanbul hadi kijijini ilikuwa ndefu.

Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 2003. Babu aliendelea kuuweka mkebe juu ya kichanja, na alipofariki miaka michache baadaye, mimi na mjomba ndio tulioufungua usiku wa pili wa matanga, tukitafuta kadi yake ya kliniki. Zile stakabadhi zilikuwamo zote. Nilizipekua nikitafuta ya mwaka ule, na nilipoigeuza nikakuta nyuma yake maandishi ya penseli, kwa mwandiko wake wa kuinamia kushoto na matamshi ya nyumbani: "jogoo 1, asari chupa 2." Nilimuuliza mjomba kwa nini mzee hakuandika na majina ya wale mgambo. Mjomba alisema majina aliyajua vizuri, kwani mmoja wao alikuwa kijana wa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, na mwaka ule mgambo walikuwa wamekaa miezi mitano bila posho.